Pete Iliyokunywa Nyutroni

Mkuu wa Kituo alikuwa na haraka ya kumfukuza mtu kazi, na Inspekta hakuwa na subira na watu wenye haraka.

"Bodi inakaa saa sita mchana," Mkuu alisema, akipangapanga kalamu mezani ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Ikifika hapo nataka Daktari awe amefungasha vitu vyake. Unapoteza muda wako, mama. Mhalifu anajulikana."

"Kwa nini anajulikana?"

Huko kituoni kwao polisi walimwita Bi Kwanini, wakidhani hajui. Alijua, na alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

"Kwa sababu ya wivu!" Mkuu aling'aka. "Profesa alipewa wiki nzima ya kutumia mwale wa kinu cha nyuklia, Daktari akaambiwa asubiri. Alipiga kelele ofisini humu humu, hata walinzi walisikia. Juzi wageni wamekuja, Profesa anaonyesha kazi yake, mashine kimya! Tukadhani urani imeibwa, tukawaita nyinyi mbio. Kumbe urani ipo palepale, ila kuna mtu kachomeka bati la kadimi mbele yake. Aibu iliyoje! Mwingine wa kumfanyia Profesa hivyo ni nani?"

"Ndicho ninachotaka kujua," Inspekta alisema, akainuka kabla hajaambiwa ainuke.

Mambo yalikuwa mazito kwa Daktari, na Inspekta hakujidanganya juu ya hilo. Mtu aliyefukuzwa kwa kuharibu kazi ya mwenzake mbele ya kinu cha nyuklia hapati tena kazi kwenye kinu kingine popote pale. Atauza vitunguu. Kazi aliyoisomea nusu ya umri wake ilikuwa imebakiwa na asubuhi moja tu.

Profesa alikuwa akimngoja kwenye ukumbi wa mwale, kifua mbele, kama bwana harusi aliyeibiwa viatu. Walimwita Profesa ingawa cheo chenyewe bado, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Ukumbi ulikuwa mkubwa na baridi. Ukutani palitokeza bomba nene, na mbele ya bomba pana meza ya chuma yenye kisanduku cheusi.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," Inspekta alisema.

"Shangazi yangu ni mhasibu."

"Basi mimi ni mbishi kuliko yeye. Nieleze."

Profesa akacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza akafanana na binadamu. "Kila atomu ina kiini katikati. Kiini cha urani ni kikubwa, kimejaa hadi kinakaribia kushindwa kujishika. Ukikirushia kitu chenye chaji kama yake, kinakisukuma mbali. Nyutroni haina chaji. Inaingia bila hodi."

"Kila nyutroni?"

"Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Inayokuja mbio mara nyingi inapita zake. Inayokuja polepole ndiyo inayonaswa. Kinu chetu kimezamishwa majini kwa sababu hiyo. Nyutroni inajigonga kwenye viini vya haidrojeni vya maji, kila ikijigonga inapoteza mwendo, mpaka inafika kwenye urani imechoka. Kiini kinaimeza. Kinatikisika, kinarefuka, kinabana kiunoni kama puto la maji ulilolishika katikati, halafu kinakatika vipande viwili. Vipande vinaruka kwa nguvu nyingi sana, na nyutroni mbili tatu mpya zinatoka."

"Hizo mpya zikikutana na viini vingine?"

"Navyo vinapasuka. Huo ndio mnyororo, nao ndani ya kinu tunaushika hatamu usizidi. Hapa nje tunatoa nyutroni chache kwa bomba hili, zinapiga jani jembamba la urani lililomo kisandukuni, na kila kiini kikipasuka mashine inalia tik. Kwa kawaida inalia kama mvua kwenye mabati. Juzi, mbele ya wageni, ililia tik..." Akangoja. "...tik. Nilitamani ardhi inimeze."

"Na hilo bati la kadimi?"

"Kadimi ina ulafi wa ajabu kwa nyutroni za polepole. Inazimeza, haibakishi. Mtu aliyechagua kadimi anajua fizikia. Ukiniuliza mimi, anaijua vizuri tu, ila roho inamuuma." Hakumtaja, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mlango wenye jina la Daktari.

"Ili kuliweka bati, ni lazima kulifunga lango la bomba kwanza?"

Profesa akakuna kidevu. "Ndiyo utaratibu. Lakini lango likifungwa, taa inawaka kwenye chumba cha uendeshaji, na mwendeshaji anaandika. Juzi halikufungwa."

"Kwa hiyo mtu huyo aliingiza mkono lango likiwa wazi."

"Upesi, kwa ubavu, akiinama pale. Hatakufa, lakini si jambo la kufanya."

Leo lango lilikuwa limefungwa, basi Inspekta aliinama palepale, akajaribu. Bega likagusa ukuta, mkono ukafika mbele ya bomba, na shavu likawa karibu na mkono. Alijiinua akishika kiuno, umri nao una yake.

Alipotoka, ndipo alipolitazama vizuri bango la mlangoni. Herufi nyekundu: VUA DHAHABU. Chini yake, juu ya kibao, pana bakuli la plastiki.

"Kwa nini dhahabu?" aliuliza.

"Ah! Swali la kila mgeni," ilijibu sauti ya kike nyuma yake.

Alikuwa Mpimaji, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakata, na kipima mnururisho, chombo cha kugundua mionzi, kikining'inia begani kama mkoba wa sokoni. Kazi yake ilikuwa kulinda usalama wa wote: nani ameingia, nani ametoka, nani ameguswa na nini. Vijana wa kituo walimtania "Bi Vua" kwa jinsi alivyosimama mlangoni hapo kila asubuhi akiwaamuru watu wavue pete na cheni.

"Dhahabu nayo inameza nyutroni, Inspekta, lakini tofauti na kadimi, yenyewe haitulii baadaye. Kiini chake kinageuka, kinakaa siku kadhaa kikitoa mnururisho. Ukipitisha kipima, kinapiga kelele. Sitaki mtu aende na pete ya namna hiyo nyumbani kwa watoto."

"Siku kadhaa," Inspekta alirudia. "Basi aliyeingia juzi na dhahabu, leo bado inalia?"

Mpimaji akacheka, akaonyesha jino la dhahabu upande wa kulia. "Hakuna anayeingia na dhahabu hapa. Mimi mwenyewe, kwa ajili ya jino hili, lango likiwa wazi siingii kabisa. Sheria niliandika mimi, ikanifungia nje mimi."

"Hata hivyo tujaribu. Kusanya dhahabu yote ya watu wanaofika upande huu. Sasa hivi, chumba cha mikutano."

Kicheko cha Mpimaji kilikatika kidogo. "Betri yangu inasumbua leo."

"Tafuta nyingine, dada yangu. Saa sita haisubiri."

Chumba cha mikutano kilijaa manung'uniko. Mkuu alivua saa yake kama anavuliwa nguo. Profesa alitoa cheni ambayo hakuna aliyejua anayo, akaona haya. Daktari aliingia mwisho, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaweka pete yake ya ndoa mezani bila kumtazama mtu. Kando yake alikaa mumewe, mwendeshaji wa kinu, ambaye kwa kushinda mbele ya vitufe na taa walimwita Rubani. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, na kwa namna alivyokunja mikono ya shati ilionekana hilo hakufichwa. Juzi asubuhi yote alikuwa kwenye kiti chake na wenzake wawili, isipokuwa alipokwenda kujinyoosha kwenye korido.

Mpimaji alianza. Saa ya Mkuu: kimya. "Safi," akasema. Cheni ya Profesa: "Safi." Hereni zake mwenyewe alizivua, akaziweka mezani, akazipitia kwa mkono ulionyooka: "Safi." Pete ya Rubani: "Safi." Halafu kipima kikafika kwenye pete ya Daktari.

Kikalia. Kililia mfululizo, kwa ukali, mpaka Profesa akarudi nyuma na kiti chake.

"Si nilisema!" Mkuu alipiga meza. "Si nilisema, Inspekta!"

Daktari aliiangalia pete yake kama anayeangalia nyoka. Kisha akamgeukia mumewe. Rubani alikuwa akitazama saa ya ukutani.

"Shoga yangu," Mpimaji alisema kwa upole, akiiinua pete kwa kibano na kuitia kwenye kisanduku kizito cha madini ya risasi, "kwa nini hukuniambia tu? Ningekusaidia."

"Wote mtoke," Inspekta alisema. "Daktari abaki."

Walipobaki wawili, Daktari hakulia. Alizungumza kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

"Wivu ninao, nisikufiche. Profesa alipopewa wiki yangu nilitamani mashine yake iungue. Niliomba iungue. Nikilala namwona anapigiwa makofi. Kijicho hicho ninacho hadi sasa. Lakini sikuigusa kazi yake."

"Na pete?"

"Inspekta, nitazame." Alinyoosha mkono. Kidole cha pete kilikuwa na mfereji mweupe. "Nimeivua pete ile mlangoni pale miaka na miaka. Siwazi. Nikiona mlango, kidole gumba kinaisukuma chenyewe. Naivua hata kwenye mlango wa benki, mume wangu ananicheka. Au zamani alikuwa ananicheka. Siku hizi ananuna, anasema naona raha kuivua."

"Juzi asubuhi ilikuwa wapi?"

"Bakulini. Nilikuwa maabara ya kemia mpaka wageni walipofika, na huko nako haturuhusiwi pete. Niliikuta palepale nilipoiacha."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Hapo ndipo kazi yake ilipomnogea. Mtu aliyezoea pete angeivua mlangoni hata akiwa anakwenda kufanya uovu. Mkono wake ungefanya kazi hiyo peke yake. Aliyeingia nayo alikuwa mtu ambaye kidole chake hakikuzoea kuvaa kitu. Alivua dhahabu zake alizozoea kuvua, hii akaisahau kwa sababu haikuwa yake. Nayo ilikuwa pete ndogo, ya kidole chembamba. Profesa asingeipitisha hata kwenye ukucha.

"Daktari," alisema, "kuna mwanamke kazini hapa asiyekupenda?"

"Hapana. Rafiki yangu mkubwa ndiye huyo Mpimaji. Chakula cha mchana tunakula naye, mimi na mume wangu. Sisi watatu."

"Nyinyi watatu," Inspekta alisema. "Waite warudi."

Waliporudi, Inspekta alikuwa amesimama karibu na dirisha, na alikuwa na tabasamu. Waliomjua wangeogopa.

"Mpimaji, dada yangu, hapa umempima kila mtu ila mimi. Na mimi niliingia ukumbini leo. Hebu nipime hereni hizi, nisije nikawaua wajukuu."

Mpimaji akasogea, akapitisha kipima sikioni kwake. Kimya. "Safi."

"Kumbe ni chepesi hivi? Nipe nami nijaribu." Alishakishika kabla hajajibiwa. Akakipitisha kwenye kalamu za Mkuu, akakipitisha kwenye mkono wa Rubani, akicheza kama mtoto aliyepewa kichezeo kipya. "Hereni zako uliziweka mezani. Mwenyewe hukujipima."

"Hakuna haja. Mimi siingii..."

"Kwa ajili ya jino. Ndiyo, uliniambia. Hereni zinavulika. Jino je?"

Akakileta kwenye shavu la kulia la Mpimaji.

Tik. Tik, tik. Haikuwa kelele kama ya pete, lakini haikuwa kimya. Mpimaji akafunga mdomo, na kipima kikaendelea vilevile, maana mdomo uliofungwa haukizuii kitu hicho. Profesa alitamka jina la Mungu.

"Bega ukutani, mkono mbele ya bomba, shavu karibu na mkono," Inspekta alisema. "Nimejaribu mwenyewe, kiuno kinaniuma hadi sasa. Na mabati ya kadimi yanatunzwa kwenye ghala lako. Kwa nini, dada?"

Mpimaji alivuta kiti taratibu, akakaa. Hakukana. Alionekana hata kupumua vizuri zaidi.

"Nilichoka," alisema. "Kila siku nawaona Daktari na mumewe wamekaa pamoja. Yeye anaivua pete kama anavua kitambulisho, anaitupa bakulini, tena hageuki nyuma kuiangalia. Mimi nasimama mlangoni nailinda! Mimi! Roho iliniuma hadi nikawa siwezi kula. Nikajua, kwa ugomvi wake na Profesa, kikiharibika kitu wote watamwangalia yeye. Ataondoka. Basi. Nilitaka aondoke tu, asiumie."

"Asiumie!" Daktari alisema kwa sauti ndogo.

"Na pete?" Inspekta aliuliza. "Mtu mwenye sheria zako zote, ukaingia na pete?"

"Nilisahau kuwa ninayo." Machozi yalimtoka ghafla. "Sijawahi kuvaa pete maishani mwangu, Inspekta. Nilivua hereni kama kawaida, nikashika bati langu, nikaingia. Nilikuwa na furaha. Sikumbuki hata mlango. Nilipotoka ndipo nilipoiona kidoleni, nikairudisha bakulini mbio."

"Ulikuwa na furaha kwa nini? Kwa kuiba pete ya mwenzako?"

"Sikuiba." Mpimaji alifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilivishwa."

Inspekta akaweka kipima mezani.

"Nani alikuvisha?"

Hakutaja. Hakuhitaji, kwa sababu macho yake yalikwenda kulekule yalikozoea kwenda, na safari hii kila mtu aliyafuata.

"Ilikuwa utani," Rubani alisema, akisimama nusu. "Kwenye korido. Nilikuwa najinyoosha, akapita, nikaichukua bakulini nikamwambia, hebu tuone kama itakutosha. Utani tu! Watu hawataniani? Sikujua ana bati, sikujua anakwenda wapi. Naapa."

"Nakuamini," Inspekta alisema, na kwa kweli alimwamini.

Mkuu alikuwa amegeuka rangi. Alikohoa, akavuta kola, akageukia upande ambao asubuhi yote hakutaka kuutazama. "Daktari, ni kwamba... sisi kama uongozi tunasikitika. Kazi yako iko palepale. Hata wiki ya mwale, tutazungumza. Profesa hatakuwa na kinyongo."

"Sina," Profesa alisema haraka.

Daktari alimtazama mumewe, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Inspekta alikiona kwenye nyumba nyingi alizoingia na pingu mkononi, chungu kuliko kijicho chote alichokiri juu ya Profesa.

"Pete ilipolia hapa mezani," Daktari alisema, "mimi sikujua chochote. Mkuu hakujua. Hata Inspekta hakujua. Wewe ulijua palepale nani aliivaa."

Rubani alifungua mikono. "Mke wangu, sikiliza..."

"Nilikugeukia unitetee. Uliangalia saa."

"Nilichanganyikiwa. Ningesema nini mbele ya watu wote? Kwamba nimemvisha... Ungenielewa vibaya. Nilikuwa natafuta namna."

"Wangenifukuza saa sita."

"Nisingekubali! Ningesema, mke wangu. Haki ya Mungu ningesema."

Daktari akavuta kiti kilichokuwa kando ya mumewe, kile alichokalia mwanzoni, akakizungusha hadi upande wa pili wa meza, akakaa wakitazamana.

"Lini?" aliuliza.

Rubani aliitazama saa, akaona kuwa watu wote wamemwona akiitazama, akainamisha macho. Inspekta alikwisha kufunga mkoba wake, lakini hakuondoka; hata Mpimaji aliacha kulia ili asikie. Daktari aliweka mikono yake mitupu juu ya meza, akangoja jibu, na hakuna aliyemharakisha mumewe.